Wembe mmoja au katriji? Mambo ya kujua kwa anayenyoa ndevu ngumu kila siku

Mwenye ndevu nyoofu na laini anaweza kuchukua kifaa chochote kilicho dukani. Tofauti itakuwa ya bei na starehe tu. Kwa mwenye ndevu ngumu zinazojikunja, kama zilivyo za wengi wetu, na ambaye kazi yake inataka kidevu kisafi kila asubuhi, uamuzi kati ya katriji, kile kichwa cha plastiki chenye nyembe kadhaa kinachochomekwa kwenye mpini, na kinyoleo cha wembe mmoja wa makali mawili ni wa ngozi kwanza, pesa baadaye. Wengi huanzia kwenye pesa. Wanasikia nyembe ni rahisi, wananunua kinyoleo cha chuma, wanakikandamiza shavuni kama walivyozoea kukandamiza kile cha plastiki, wanajikata, kisha kinabaki kabatini. Kwa hiyo naanza na ngozi.

Katriji yenye nyembe mbili iliingia sokoni mwaka 1971, kampuni ya Gillette ilipotoa Trac II. Wazo lake ni hili: wembe wa kwanza unaukata udevu na papo hapo kuuvuta kidogo kutoka kwenye kitundu chake, na kabla haujarudi ndani, wembe wa pili unaukata tena, chini zaidi. Baadaye nyembe zikaongezeka. Mach3 ya mwaka 1998 ilikuwa na tatu, Fusion ya mwaka 2006 ikawa na tano. Shavu linabaki laini mno kwa sababu ncha ya udevu imezama chini ya uso wa ngozi. Udevu ulionyooka utakua na kutoka pale pale ulipoingilia, hakuna shida. Udevu unaojikunja umepinda tangu kwenye mzizi. Ukikatwa chini ya ngozi huku ncha yake imechongoka, unatoboa ukuta wa kitundu na kuingia nyamani kabla haujatoka nje. Mwingine hutoka vizuri, halafu unapinda na kuchoma ngozi milimita moja au mbili kutoka pale ulipoota. Mwili unauona kama mwiba: panavimba, panauma, pengine panatunga usaha, na pakipona panabaki baka jeusi.

Hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyoanza. Havisababishwi na uchafu, na ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha sabuni za dawa mwaka mzima bila nafuu. Vijidudu vinaweza kuingia baadaye kwenye kidonda, lakini chanzo ni ncha ya udevu uliokatwa chini mno.

Kinyoleo cha wembe mmoja hakiuvuti udevu ili ukatwe mara ya pili. Kinaukata usawa wa ngozi au juu yake kidogo, basi. Saa kumi jioni ukipitisha kiganja utasikia mkwaruzo ambao aliyetumia nyembe tano pengine hausikii. Huo mkwaruzo ndio unaokulinda. Anayetaka kidevu laini kama kioo na wakati huohuo shingo isiyo na vipele, huku ndevu zake zikijikunja, anataka vitu viwili vinavyogombana, na ni vizuri alijue hilo kabla hajatoa hela. Wembe mmoja nao utaleta vipele vilevile ukivuta ngozi ikakaza na kunyoa kinyume cha ndevu, kwa kuwa hapo unazikata chini ya ngozi kwa mkono wako mwenyewe.

King Camp Gillette, Mmarekani, alianza kuuza kinyoleo chake mwaka 1903. Mwaka huo wa kwanza viliuzwa vinyoleo 51 na nyembe 168. Wembe wa makali mawili tunaoutumia leo una urefu wa milimita 43 hivi, upana wa milimita 22 na unene wa karibu 0.1. Vipimo hivyo vimekuwa kama sheria ya dunia nzima. Wembe wa Topaz au Nacet kutoka duka la mtaani unaingia kwenye kinyoleo cha Kijerumani, na Feather ya Kijapani inaingia kwenye kinyoleo cha bei ndogo kabisa. Katriji haiko hivyo. Kila moja ina mpini wake, na muuzaji akiacha kuleta aina hiyo, mpini wako hauna kazi tena. Kwa anayeishi mbali na miji mikubwa hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Sasa kununua. Kinachofanya kinyoleo kiwe kipole au kikali ni nafasi kati ya wembe na ukingo wa bamba la chini, pamoja na kiasi ambacho wembe umejitokeza. Nafasi ya milimita 0.5 hadi 0.7 inamtosha anayeanza, hata kama ndevu zake ni ngumu. Inayofika milimita 1 na zaidi inataka mkono uliokwisha kuzoea. Pia chagua chenye ukingo ulionyooka, si wenye meno ya kitana; yale meno yanafaa kwa ndevu za siku kadhaa, ila hayasamehe makosa kirahisi. Merkur 34C ya Ujerumani ni mfano wa kipole kinachojulikana sana, chenye uzito wa karibu gramu 78, na uzito huo una kazi yake tutakayoiona. Vinyoleo vingi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa aloi ya zinki iliyopakwa kromiamu. Havina ubaya, ila rangi ile ikichubuka maji yanaingia, na mahali pa kwanza kuoza ni kwenye skrubu ya kichwa, ambayo siku moja hukatika wakati unakaza. Vikaushe, na usivikaze kwa nguvu. Cha shaba nyeupe au cha chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini kinaweza kurithiwa.

Kufunga wembe ni kazi ndogo ambayo ikikosewa inaharibu kila kitu kinachofuata. Kwenye kinyoleo cha vipande vitatu, geuza kifuniko cha juu kiwe chali, vijiti vyake vikitazama juu. Shika wembe kwa ncha zake fupi, kamwe si kwa upande wa makali, ulaze kwenye vijiti, weka bamba la chini juu yake, kisha kaza mpini. Halafu kinyanyue ukitazame kutoka juu kwenye mwanga. Pande zote mbili makali yanapaswa kuchungulia kwa kiasi kilekile, mstari mwembamba ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Mstari ukiwa mnene upande mmoja, au unaanza mwembamba na kuishia mpana, wembe umekaa upogo: upande mmoja utakukata na mwingine utakuwa hauonekani kunyoa. Legeza mpini robo mzunguko, bonyeza kifuniko kiende chini dhidi ya bamba, kaza tena, tazama tena. Aina inayofunguka kama mabawa ukizungusha kitako cha mpini ni rahisi zaidi kufunga, lakini bawaba zake hushika uchafu wa sabuni, na kwenye miji yenye maji ya chumvi hukwama mapema.

Maji ya chumvi yanastahili maneno yake. Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, nyumba nyingi hutumia maji ya kisima ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Mtu anasugua, anapata utando wa kijivu unaokauka kabla hajafika shavu la pili, halafu analaumu wembe. Huna haja ya kununua krimu ya gharama. Weka nusu kikombe cha maji ya mvua, au ya kunywa, kwa ajili ya povu peke yake, na ya kisima yatumie kusuuza. Ukikosa, ongeza sabuni maradufu. Sabuni ya mche haifai kabisa kwa uso. Ni kali na inaikausha ngozi kabla wembe haujaigusa. Ya kuogea inasaidia siku ya shida, ila povu lake hufa haraka. Sabuni ya kunyolea ya kipande au ya kijiti ndiyo inayodumu kuliko zote kwa hela yako.

Udevu mkavu ni mgumu sana, na ukinywa maji unalainika. Unahitaji dakika mbili hadi tatu za unyevu, kwa hiyo nyoa baada ya kuoga, au weka taulo lililoloa maji ya moto usoni kwa muda huo. Brashi ya manyoya iloweke dakika moja au mbili. Ya nyuzi za kutengenezwa haihitaji. Ikung'ute, izungushe juu ya sabuni kwa sekunde 20 hadi 30, kisha anza kupaka usoni kwa mizunguko, ukiongeza matone machache ya maji kila povu linapokuwa zito. Endelea karibu dakika nzima. Povu zuri linang'aa na lina uzito wa mtindi. Ukiona mapovu makubwa yenye hewa umezidisha maji, na ukiona limekauka kwenye kingo umeweka machache. Kazi yake ni kuuwezesha wembe kuteleza na kushikilia maji kwenye udevu. Unene wenyewe hauleti faida.

Hapa ndipo aliyetoka kwenye katriji huumia, kwa sababu mkono wake umefundishwa mambo mawili yasiyofaa hapa: kukandamiza, na kuacha kichwa kijigeuze chenyewe. Katriji ina kichwa kinachocheza na nyembe zilizolala kwenye pembe iliyopangwa kiwandani, hivyo inavumilia nguvu. Kinyoleo cha wembe hakina kinachocheza. Pembe unaipanga wewe, na nguvu inatoka kwenye uzito wa chuma. Ndiyo maana gramu zile 78 zina maana.

Kuitafuta pembe, weka kifuniko cha juu kiguse shavu, mpini ukiwa umesimama kutoka usoni, wembe haugusi kitu. Ukianza kuvuta kidogo kidogo huku ukiushusha mpini, patafika mahali utasikia wembe umekamata, kwenye pembe ya karibu nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi. Sikiliza. Pembe ikiwa sahihi, udevu unatoa mkwaruzo mkavu, wa wazi, kama wa mtu anayepitisha kidole kwenye meno ya kitana. Sauti ikipotea, ama eneo limeisha ndevu ama umeinua mpini mno. Mpini ukishushwa kupita kiasi, wembe unasimama, unakwangua ngozi, na ule muwasho wa kuungua unaanza dakika tano baadaye.

Mvuto uwe mfupi, sentimita 2 hadi 3. Shika mpini karibu na kitako chake kwa vidole vitatu. Ukiushika karibu na kichwa utakandamiza bila kujua. Mkono mwingine uwe na kazi ya kutuliza ngozi tu, bila kuivuta ikakaza. Kwenye kidevu na kona ya taya usijaribu kupinda na mfupa kwa mvuto mmoja. Nyoa vipande vidogo vilivyo bapa, ukibadilisha pembe kila kimoja. Chini ya pua sogeza pua pembeni na shusha mvuto mfupi mmoja mmoja. Kamwe usiuteleze wembe kwa upande, kama anayekata mkate. Huo ndio mchano mrefu unaovuja damu hadi ofisini.

Kabla ya kukitumia kinyoleo hiki kwa mara ya kwanza, acha ndevu za siku mbili na upitishe vidole ili ujue zinakolala. Mashavuni nyingi huelekea chini. Shingoni kila mtu ana ramani yake: wengine zinapanda juu kuelekea taya, wengine zinalala ubavuni kuelekea masikio, wengine zina mzunguko chini ya taya la kushoto na si la kulia. Vipele vingi vya shingoni vina mzizi hapa: mtu ananyoa kwenda juu kwa mazoea ilhali zake zinaelekea chini. Raundi ya kwanza ifuate zinakolala, uso mzima. Paka povu tena. Raundi ya pili, kama unaihitaji, ikate ubavuni. Kwenda kinyume waachie wenye ndevu nyoofu.

Mwishoni suuza kwa maji ya baridi na utumie shabu, lile jiwe jeupe linaloonyesha mwanga wanalouza wauza viungo na dawa za asili, ambalo pia hutumika kutulizia maji ya tope. Kipande cha sokoni kina kona kali, kwa hiyo kisugue kwanza kwenye sakafu iliyolowa mpaka kilainike. Kiloweshe, kipitishe usoni, acha dakika moja, suuza. Kinazuia damu ya mikwaruzo midogo. Faida yake kubwa zaidi ni kwamba kinakusomea kazi yako: panapochoma sana ndipo ulipokandamiza au kurudia mara nyingi. Kikichoma mahali palepale kila siku, rekebisha mkono mahali hapo.

Aliyekwisha kujaa vipele asitarajie kinyoleo kipya kimponye. Aache kunyoa kwa wiki nne hivi, au atumie mashine ya umeme inayobakiza milimita moja, mpaka ndevu zilizozama zitoke. Udevu unaoonekana umejikunja juu ya ngozi unainuliwa kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, ncha yake itoke nje, na hapo unaachwa. Ukiung'oa, mpya utakuja kwa njia ileile. Vinundu vikianza kuwa vigumu na kukua, hasa kisogoni au chini ya taya, hapo ni kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu kovu linaloota halirudi kirahisi.

Kuna mahali ambapo katriji inashinda, na ni haki kusema. Kichwa ni kimojawapo: kisogo hukioni, mfupa una mizunguko, na kichwa kinachocheza kinafuata pale ambapo mkono unabahatisha. Miguu na kwapa vivyo hivyo. Mwenye mkono unaotetemeka, au anayenyoa huku anakimbilia daladala, atumie katriji. Kwenye ndege nyembe za makali mawili haziruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi ilhali katriji huruhusiwa, hivyo anayesafiri na begi dogo hana chaguo. Ila hata hapo, kwa ndevu zetu, chukua ya nyembe mbili badala ya tano. Haikati chini sana kama ya tano, na ndevu nene hazizibi kati ya nyembe. Suuza kila baada ya mivuto miwili, na usipite mahali palepale zaidi ya mara mbili. Ule ukanda wa kutelezesha ulio juu ya nyembe ukiisha, chukulia kama dalili tu; kipimo cha kweli ni kama inavuta.

Hesabu ya pesa ni fupi. Kwa ndevu ngumu wembe mmoja unafaa mara tatu hadi tano. Tuseme nne: anayenyoa kila siku atatumia nyembe 91 hivi kwa mwaka, yaani boksi la 100 na zinabaki. Katriji ikidumu mara kumi, mwaka unataka 37, sawa na pakiti tisa za nne nne na moja juu. Ulizia bei zote mbili dukani kwako na uzidishe. Mwaka wa kwanza jumlisha kinyoleo, brashi na sabuni, maana wauzaji wa hoja ya unafuu hupenda kuvisahau.

Usinunue boksi la 100 siku ya kwanza. Nunua pakiti za tano tano za aina tatu au nne, utumie kila aina wiki mbili kwenye kinyoleo kilekile na sabuni ileile. Feather ni kali kuliko nyingi, inakata ndevu nene bila kuvuta lakini haisamehe mkono mzito. Derby ni pole, na kwa ndevu ngumu wengine huiona inavuta. Astra ya kijani iko katikati, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Pakiti ambayo nyembe zake hazina karatasi ya ndani, au maandishi yake yamefifia na kupinda, iache dukani; bandia zipo.

Wembe hauharibiwi na kutu peke yake. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha kuwa udevu, ulio laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kumegua vipande vidogo vya makali, na kwamba hutokea hasa udevu unapoweza kupinda mbele ya wembe. Ndiyo sababu ndevu za wiki nzima zipunguzwe kwanza kwa mkasi au mashine. Baada ya kunyoa suuza, kung'uta, simamisha pakavu. Usifute makali kwa taulo. Unaondoa utando mwembamba uliopakwa kiwandani ili yateleze. Wembe ukianza kuvuta, utupe siku hiyo, hata kama ni wa mara ya pili.

Na usiazimane. Damu kidogo isiyoonekana kwenye makali inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B, na VVU pia. Kwa kinyozi taka uone wembe mpya ukitolewa kwenye karatasi yake. Nyembe zilizotumika usizitupe wazi kwenye takataka, kwani kuna watoto na kuna wanaookota chupa. Chukua kopo la maziwa ambalo halijafunguliwa juu, litoboe ufa mwembamba wa kupitisha wembe, mimina maziwa, suuza, kausha. Linameza nyembe za miaka. Likijaa, gonga ufa kwa nyundo ujifunge.